Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyeanza na sarafu saba na daftari

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA katika soko la Katoro mkoani Geita, au ukishuka katika stendi ya Kahama, hukosi kumwona kijana ameketi nyuma ya meza ya mbao iliyojaa matumbo ya redio na simu. Mkononi ameshika pasi ya kuungia risasi, pembeni yake kuna testa, na chini ya meza kuna mota ya mashine ya kusaga inayosubiri kusukwa waya upya. Wengi wa vijana hao hawakupita chuo. Wamejifunza kwa kufungua, kuangalia, kujaribu na kuunguza.

Wateja wao ni wakulima wa pamba na mpunga, wenye mashine za kukoboa, wauza duka na wachimbaji wadogo. Redio ikinyamaza au pampu ikigoma, hao ndio wanaokimbiliwa. Siku hizi wapo pia wanaojaribu zile bodi ndogo za kompyuta, kama Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, ambazo mtu huziandikia programu na kuziamuru ziwashe taa, zizime pampu au zipime joto.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye kazi yake imo ndani ya karibu kila kifaa kilicho juu ya meza ile. Anaitwa Michael Faraday, Mwingereza aliyefariki mwaka 1867. Hakusoma chuo kikuu, na hesabu za juu hazikumwingia maisha yake yote. Alianza kama hawa vijana wetu, kwa kuokoteza vifaa na kujaribu baada ya saa za kazi. Kilichomtenga na mafundi wengine wa wakati wake ni tabia moja isiyo na gharama: kila alichojaribu alikiandika.

Wafanyabiashara wetu wana msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Maisha ya Faraday yanaonyesha kuwa ujuzi nao ni mali, na bila daftari huisha vivyo hivyo.

Mtoto wa mhunzi

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, sehemu ambayo leo imemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Kazi hiyo si ngeni kwetu, kwani katika nchi ya Geita Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya wakoloni kufika. Lakini James Faraday alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na siku asizofanya kazi nyumba haikuwa na kitu. Mwaka 1801 bei ya chakula ilipopanda sana, mtoto Michael alikuwa akipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumfikisha wiki nzima.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida tu. Mwaka 1804 aliajiriwa kutumwatumwa na kusambaza magazeti katika duka la mjalidi wa vitabu aliyeitwa George Riebau. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 14, tajiri yule alimchukua kuwa mwanafunzi wa kazi kwa miaka saba.

Hapo ndipo bahati yake ilipoanza. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma usiku kabla havijarudi kwa wenyewe. Kimoja kilikuwa cha kemia, kilichoandikwa na mwanamke, Jane Marcet, kwa lugha ya mazungumzo ambayo hata asiyesoma sana angeweza kuifuata. Kingine kilikuwa kamusi kubwa ya elimu yenye makala ndefu kuhusu umeme.

Kusoma tu hakukumtosha. Alichokisoma alitaka kukiona kwa macho. Kwa fedha kidogo alizojinyima alinunua chupa na kutengeneza mashine ndogo ya kuzalisha umeme kwa msuguano. Riebau, badala ya kumkaripia kwa kupoteza muda, alimwacha aendelee. Msomaji mwenye karakana na anayefundisha vijana aliangalie jambo hilo vizuri. Kama bwana yule angemfukuza, historia ya umeme ingeandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Betri ya sarafu saba

Mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka 20, Faraday alitengeneza betri yake ya kwanza. Alikata vipande saba vya bati la zinki, kila kimoja ukubwa wa sarafu. Kisha alichukua sarafu saba za shaba na kuzipanga moja moja na vipande vile, na katikati ya kila jozi na jozi akaweka karatasi iliyolowekwa maji ya chumvi. Kwa rundo lile dogo aliweza kuchambua myeyusho wa chumvi ya magnesiamu, na akamwandikia rafiki yake barua ndefu kumweleza furaha aliyokuwa nayo.

Jaribio hilo mwanafunzi yeyote wa Shinyanga anaweza kulirudia leo. Zinki inapatikana katika ganda la betri kuukuu ya tochi, shaba katika waya wa umeme, na chumvi ipo jikoni. Jozi moja hutoa takribani robo tatu ya volti. Ukipanga jozi saba, taa ndogo ya LED huwaka hafifu. Anayefanya hivyo kwa mkono wake ameelewa betri kuliko aliyekariri maelezo yake darasani. Tahadhari ni kwamba ganda lisafishwe vizuri, na betri za simu zisifunguliwe kabisa kwa kuwa hushika moto.

Kuomba kazi kwa daftari

Kuanzia mwaka 1810 Faraday alihudhuria mihadhara ya sayansi ya jioni mjini London. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na aliyemlipia ni kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi. Kila mhadhara aliuandika, kisha akirudi nyumbani aliunakili upya kwa mwandiko safi na kuchora vifaa alivyoviona.

Katika masika ya mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile, William Dance, alimpa tiketi nne za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia maarufu kuliko wote Uingereza wakati huo, katika taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa ustadi wa kazi yake, na mwishoni mwa mwaka akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi.

Davy alimwita, akamsikiliza, na akamshauri abaki na ujalidi kwa kuwa sayansi haina malipo. Lakini haukupita muda msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na kijana aliyekumbukwa ni yule mwenye daftari. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliajiriwa kwa shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki, pamoja na vyumba viwili vya juu kabisa vya jengo lile. Kazi ilikuwa kuosha chupa, kuandaa vifaa na kusaidia majaribio.

Kijana anayetafuta kazi kwetu hubeba bahasha ya vyeti. Faraday hakuwa na vyeti vya kubeba. Alichopeleka ni ushahidi wa kazi yake mwenyewe, nao ulitosha kumfungulia mlango.

Mwaka huohuo Davy alimchukua katika safari ya Ulaya iliyodumu hadi mwaka 1815. Alikutana na wakubwa wa sayansi kama Volta na Ampère, lakini mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani, na mara kadhaa alikaribia kukata tamaa na kurudi kwao. Alivumilia.

Kikombe cha zebaki

Mwaka 1820 mwanasayansi wa Denmark, Oersted, aligundua kuwa waya unaopitisha umeme huusogeza mshale wa dira. Habari hiyo iliwashtua wengi, na kila mtu alianza kujiuliza umeme na sumaku vina udugu gani.

Septemba 1821 Faraday alitoa jibu la vitendo. Alichukua kikombe akakitia zebaki, akasimamisha sumaku katikati, kisha akaning'iniza waya kutoka juu hadi ncha yake iguse zebaki. Alipounganisha betri, waya ule ulianza kuizunguka sumaku bila kusukumwa na mtu. Zebaki ilikuwa na kazi moja: ni metali ya majimaji, hivyo ilipitisha umeme bila kuuzuia waya kuzunguka.

Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme duniani. Mota inayozungusha karasha la kusagia mawe kule Rwamgasa na ile inayokoboa mpunga Kahama zote ni uzao wa kikombe kile.

Hata hivyo, ushindi huo ulimletea balaa. Alitangaza matokeo haraka bila kumtaja mzee mmoja wa sayansi, William Wollaston, aliyekuwa na wazo la karibu na hilo, na watu wakamnong'ona kuwa ni mwizi wa mawazo. Mwaka 1823 alipopendekezwa kuingia Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, aliyempinga alikuwa Davy mwenyewe. Faraday alichaguliwa licha ya pingamizi hilo.

Kuna jambo jingine kuhusu kikombe kile ambalo mchenjuaji wa dhahabu hana budi kulijua. Faraday alishika zebaki kwa miaka mingi, katika vyumba vilivyofungwa, kwa mikono mitupu, kama walivyofanya wote wa wakati wake. Alipokaribia miaka 50 alianza kupata kizunguzungu na kusahau sana, na mapema katika miaka ya 1840 alilazimika kuacha utafiti kwa muda mrefu. Wapo waliochunguza maisha yake wanaoshuku zebaki, ingawa hakuna aliyethibitisha. Kilichothibitishwa na madaktari ni kwamba mvuke wa zebaki hushambulia ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huwadhuru zaidi watoto na wajawazito.

Faraday hakuwa na wa kumwambia. Sisi tunaambiwa. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe na kuondolewa. Anayechoma dhahabu yenye zebaki juu ya jiko la mkaa, tena ndani ya nyumba anamolala mama na mtoto, anaiuza afya yao kwa gramu chache. Kwa wanaoendelea kuitumia, kifaa cha kuunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki hupunguza madhara na pia huokoa fedha, kwa kuwa zebaki hiyo hutumika tena. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na makazi na vyanzo vya maji.

Pete ya chuma ya mwaka 1831

Baada ya umeme kuzalisha mwendo, Faraday aligeuza swali. Je, sumaku inaweza kuzalisha umeme? Alijaribu mara kadhaa katika miaka ya 1820 na kushindwa, na kila kushindwa alikuandika.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma yenye upana wa kama sentimita 15. Upande mmoja aliuzungushia waya wa shaba uliotenganishwa kwa uzi na kitambaa, na upande wa pili akazungushia waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri. Waya wa pili aliupitisha juu ya mshale wa dira.

Alipounganisha betri mshale uliruka, kisha ukatulia. Umeme ulipokuwa ukiendelea kupita, mshale haukusogea. Alipochomoa betri uliruka tena. Mtu mwingine angedhani meza imetikisika. Faraday alirudia na kuandika hadi akaelewa: umeme hautokani na kuwapo kwa sumaku, unatokana na kubadilika kwake.

Pete ile ndiyo transfoma ya kwanza. Transfoma iliyo juu ya nguzo kijijini hufanya kazi hiyohiyo, na ndani ya chaja ya simu imo nyingine ndogo. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo alisukuma sumaku ndani ya koili ya waya na kuivuta, umeme ukatokea. Siku chache baadaye alizungusha sahani ya shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa na kupata umeme usiokatika. Dainamo ya baiskeli na jenereta ya petroli zilianzia hapo.

Somo la pete ile linawahusu sana vijana wanaocheza na bodi za kompyuta. Mwaka 1834 Faraday alichunguza cheche inayotokea koili inapokatiwa umeme, jambo ambalo Joseph Henry wa Marekani alikuwa ameliandika mwaka 1832. Koili haipendi kukatiwa ghafla. Hurudisha pigo la umeme lenye volti nyingi kuliko zilizoingia. Ndiyo sababu bodi iliyounganishwa moja kwa moja na rilei, yaani swichi inayovutwa kwa koili, huweza kuungua mara tu rilei inapozimwa. Dawa yake ni dayodi moja ya bei ndogo, ifungwe sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya. Rilei nyingi zinazouzwa zikiwa tayari juu ya bodi yake huwa na dayodi hiyo, lakini fundi anayetoa rilei katika kifaa kikuukuu aihakikishe mwenyewe.

Daftari lenye aya zaidi ya 16,000

Mwaka 1832 Faraday alianza kuzipa namba aya za daftari lake la maabara. Alipoacha kufanya majaribio, namba zilikuwa zimezidi 16,000. Humo mna yaliyofaulu na yaliyoshindwa, michoro ya vifaa, tarehe na hata makosa yake. Alikuwa na hofu ya kusahau tangu ujana, na kumbukumbu ilipoanza kumtoka ukubwani, daftari ndilo lililomwezesha kuendelea. Alipotaka kujua kama jaribio fulani amelifanya, alifungua na kutafuta namba.

Fundi wa Ushirombo au Maganzo anaweza kufanya hivyohivyo kwa daftari la shule. Aandike tarehe, aina ya kifaa, kilichoharibika, volti alizopima, alichobadilisha na matokeo. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani, kwa sababu kitakuwa kinaeleza vifaa vya eneo lake, vumbi lake na umeme wake.

Kwa anayeandika programu kwenye kompyuta, utaratibu ni uleule. Programu inayofanya kazi isifutwe kwa kuandikiwa juu yake. Ihifadhiwe kwa jina jipya lenye tarehe, na juu ya kila programu yaandikwe maneno mawili matatu ya kueleza kazi yake na waya gani umekwenda wapi. Nakala iwekwe sehemu mbili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye flashi inayohifadhiwa nyumba nyingine, maana mwizi, moto na virusi havitoi taarifa. Hesabu za duka na kumbukumbu za mauzo ya pamba zilizo kwenye kompyuta zinahitaji ulinzi huohuo. Na umeme ukikatika, ni vema kuchomoa kompyuta na kusubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi na mtikisiko.

Ndani ya mgodi wa Haswell

Septemba 1844 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Haswell, kaskazini mwa Uingereza, uliua watu 95. Serikali ilimtuma Faraday pamoja na mwanajiolojia Charles Lyell kuchunguza. Faraday hakukaa ofisini kusubiri taarifa. Aliteremka mgodini na kuwahoji watu.

Lyell alisimulia kuwa wakiwa chini kule, Faraday aliketi juu ya mfuko huku mishumaa ikiwaka karibu, akauliza baruti inahifadhiwa wapi. Aliambiwa kuwa ameikalia.

Katika taarifa yao waliandika kuwa haikuwa gesi peke yake iliyoua. Vumbi la makaa lililotapakaa lilishika moto na kuuongezea mlipuko nguvu. Onyo hilo halikutiliwa maanani kwa miaka mingi, na wachimbaji wengi waliendelea kufa kwa namna hiyohiyo.

Vumbi la mawe ya dhahabu haliwaki kama la makaa, lakini huua polepole kwa kujaza mapafu, na anayefanya kazi kwenye karasha bila kulowesha mawe wala kuvaa kinga anajichimbia kaburi. Kwa wenye mashine za nafaka, vumbi la unga linawaka, hivyo mota inayotoa cheche katika chumba kilichojaa unga ni hatari. Na kwa wenye maduara, swali la Faraday bado linafaa kuulizwa kila asubuhi kabla ya kushuka: baruti iko wapi?

Dhahabu nyekundu

Mwaka 1857 Faraday alichapisha majaribio yake kuhusu dhahabu na mwanga. Alichukua myeyusho wa dhahabu, akautia fosforasi, na majimaji yakageuka mekundu kama damu. Alieleza kuwa rangi ile inatokana na chembe za dhahabu ndogo mno, zisizoonekana hata kwa darubini za wakati wake. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa London, na majimaji yale yangali mekundu.

Wakazi wa Geita wanaijua dhahabu kwa rangi ya njano na kwa uzito wa mizani. Ni vema wakajua pia kuwa dhahabu inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Ndiyo sababu zebaki haiwezi kuishika yote, na marudio yanayouzwa kwa bei ya kutupa bado yana mali ndani yake. Mchimbaji anayeuza marudio bila kuyapima kwanza anauza asichokijua.

Kutoka kwake hadi mashine ya vifaranga

Mwaka 1833 Faraday aliona jambo lililomshangaza. Metali ikipashwa moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Lakini madini fulani ya fedha na salfa yalifanya kinyume: yalipopata joto, yalipitisha umeme vizuri zaidi. Hakuweza kueleza sababu, lakini aliandika.

Leo tunajua kuwa alikuwa ameshika nusukipitishi, yaani kitu kisicho kipitishi kamili wala kihami kamili. Dayodi, transista na chipu zote za simu na kompyuta zimetengenezwa kwa vitu vya jamii hiyo. Kihisi joto cha bei ndogo kinachofungwa kwenye bodi hutumia tabia ileile aliyoiandika.

Mfugaji wa kuku anaweza kuifaidi. Mashine ya kutotoleshea mayai ni sanduku lenye taa za kupasha joto, kihisi, bodi na rilei. Bodi huandikiwa programu ya kuwasha taa joto likishuka chini ya nyuzi 37.5 na kuzima likizidi kidogo, huku feni ikisambaza hewa. Unyevu unatakiwa kuwa kati ya asilimia 50 na 60 kwa siku 18 za kwanza, kisha uongezwe hadi karibu asilimia 65 au 70. Mayai hugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na ya kuku huanguliwa siku ya 21.

Anayejaribu mara ya kwanza aanze na mayai machache, aweke kipimajoto cha kawaida kando ya kihisi ili avilinganishe, na aandike joto asubuhi, mchana na usiku. Nyaya za umeme wa nyumbani zifungwe na fundi anayezijua, kwa kuwa umeme wa betri husamehe na ule wa nguzoni hausamehi. Wakianguliwa wachache, daftari litamwonyesha usiku ambao umeme ulikatika na joto kushuka. Bila daftari atalaumu mayai, jogoo au jirani.

Alichokataa

Faraday alipata umaarufu mkubwa. Kuanzia miaka ya 1820 alianzisha mihadhara ya Ijumaa kwa watu wazima na mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na mwenyewe aliongoza ile ya Krismasi mara 19, akikumbuka zile shilingi za kaka yake. Alikataa cheo cha heshima cha Malkia, na alikataa kuwa rais wa Royal Society. Serikali ilipomuuliza kuhusu kutengeneza gesi ya sumu katika vita vya Crimea vya miaka ya 1850, alikataa kushiriki.

Alikataa pia fedha. Makampuni yalimlipa vizuri kwa ushauri, lakini katika miaka ya 1830 aliacha sehemu kubwa ya kazi hiyo ili abaki na maabara. Hakujitafutia utajiri kwa mota wala dainamo, na waliotajirika kwa vifaa hivyo walikuja baadaye.

Hapa msomaji mfanyabiashara ana haki ya kutokubaliana naye. Mwenye watoto wa kusomesha hawezi kugawa kazi yake bure. Faraday na mkewe Sarah, waliyefunga ndoa mwaka 1821, hawakupata watoto, na alikuwa na mshahara na nyumba ya taasisi. Kinachofaa kuigwa si kukataa malipo, bali kuweka mpaka wa kazi ambayo mtu hataifanya hata akilipwa.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court. Wakati huo kumbukumbu ilikuwa ikimtoka. Alifariki huko tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini, na akazikwa katika makaburi ya Highgate mjini London kwa mazishi ya kawaida, kama alivyotaka.

Hesabu alizozikosa ziliandikwa na Maxwell wa Scotland, aliyeyasoma maandiko yake kwa makini, na katika hesabu hizo ndimo yalimotabiriwa mawimbi ya redio. Kipimo cha kapasita, farad, kilipewa jina lake. Fundi wa Katoro akigeuza kapasita na kusoma herufi ndogo ubavuni mwake, ile F anayoiona ni ya mtoto wa mhunzi aliyewahi kula mkate mmoja kwa wiki.

Daftari la shule halizidi bei ya soda. Mwenye karakana amnunulie kijana wake moja wiki hii, aandike tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na amwambie asifunge kibanda jioni kabla hajaandika alichofungua, alichopima na kilichomshinda.